Sura ya Sita: Gunia la Uzi Mwekundu

Ijumaa, saa mbili asubuhi, Sajenti Katushabe alikuwa amebakiwa na saa nane, mtuhumiwa mmoja asiyesema, na mashahidi arobaini walioamua kumwiga mtuhumiwa.

Stoo ya Umoja ilikuwa imeungua Jumanne jioni. Ndimo wakulima wa kijiji kizima cha wakimbizi humo Nakivale, Uganda, walimoweka mahindi ya akiba, na magunia karibu sitini yalikwenda na moto. Hakuna aliyehitaji mpelelezi kumwambia nani kafanya. Mwaka mzima Déo, Mkongo wa Kivu ya Kusini anayechaji simu za watu kwa umeme wa jua, alisimama katika kila mkutano kupinga amri ya kila kaya kuleta gunia moja kila msimu, itake isitake. Kila Jumamosi alikusanya watu mbele ya kibanda chake akawafundisha sheria za Amerika kutoka kwenye vijitabu vya Kifaransa. Mtu ni mali yake mwenyewe. Serikali ni mtumishi wa kufungwa mikono. Polisi haingii nyumbani kwa mtu bila karatasi ya hakimu. Na mtuhumiwa halazimiki kusema neno.

Somo hilo la mwisho wanafunzi wake walilishika vizuri mno. Kwa siku mbili Katushabe alikuwa amebisha milango, na kila mlango ulimjibu kitu kimoja, tena kwa adabu, mpaka akatamani mtu amtukane tu apate la kuandika.

Alivuta kiti mbele ya nondo za mahabusu.

"Déo, mimi nauliza kitu moja. Jumanne saa kumi na moja jioni Aloys, mwenyekiti wa stoo, alikuona hapo nje. Ulikuwa unafanya nini pale?"

"Madame Sajenti, niliisha kusema. Miye siko na lazima ya kujisemea."

"Kama hukuchoma, sema ulienda kufanya nini, uende nyumbani."

"Miye ndiye nilikamatwa, na miye tena nifanye kazi ya kujifungulia mulango? Wenye kunishitaki ndio balete ushahidi yao."

Alisema hivyo bila kiburi, kama mwalimu anayerudia jambo kwa mwanafunzi mzito, na hilo ndilo lililomkera Katushabe zaidi. Alikuwa amefanya kazi hii miaka kumi na mitatu. Wezi aliwajua, waongo aliwajua. Huyu hakuwa na dalili hata moja ya mwizi wala mwongo, ila alikuwa anakimbilia jela kwa hiari yake.

"Hiyo Amerika yako imefunga mlango," akamwambia. "Dosye yako ya kuhamia huko imelala kwa kabati. Siku wataifungua, wakute umeandikwa mchoma stoo, si wataitupa? Wewe na mke na watoto."

"Wenye kufunga ni serikali yao. Miye sikupenda serikali yao hata siku moja. Nilipenda karatasi yenye inaikatalia."

"Hao walioandika karatasi walikuwa na watumwa."

"Njo maana naifundisha," Déo alijibu. "Bale batumwa nao balikuja kuisoma."

Katushabe alisimama. Alikuwa na hamu ya kukipiga teke kile kiti, lakini kilikuwa cha serikali na tayari kilikuwa na miguu mitatu na nusu.

Nje ya kituo Madeleine, mke wa Déo, alikuwa amekaa juu ya jiwe na sufuria ya maharage iliyofungwa kwa kitambaa. Alikuwa amekuja na sufuria hiyo tangu Jumatano, asubuhi na jioni.

"Mama Elisée, wewe unajua alienda wapi."

"Alinifanya niape. Siwezi kusema alienda fasi gani." Alikaza fundo la kitambaa ambalo halikuhitaji kukazwa. "Lakini mu nyumba yetu kulikuwa magunia tatu ya mahindi. Leo iko mbili. Hiyo hakuniapisha."

Katushabe aliliandika neno hilo kwenye daftari, akalipigia mstari, akapanda boda mpaka mji mdogo wa Rwekubo kutafuta gari la kwenda Mbarara.

*

Ndani ya mkoba wake alibeba kitu alichokiokota Jumatano katikati ya majivu: kopo la alumini, limeyeyuka upande mmoja, mfuniko wa kuzungusha bado uko shingoni. Kilichokuwa kikimsumbua ni mahali alipolikuta. Mtu anayetaka kuchoma stoo huwasha mlangoni, au anarusha moto dirishani. Moto huu ulianzia katikati kabisa, juu ya rundo, ukashuka. Magunia ya karibu na mlango yalikuwa yameungua upande mmoja tu, na kufuli lilikuwa zima, limefungwa.

Mzee Eliezeri, mwenye duka la mbegu na dawa za kilimo karibu na soko la Mbarara, alilipindua kopo mara moja tu, akamjibu kwa heshima ya Kinyankole.

"Hii ni ya vidonge vya kuua dumuzi, wadudu wa mahindi, nyabo. Vya kuweka kwa stoo."

"Nani wa Nakivale alinunua kwako?"

"Yule Murundi wa kofia ya manyoya. Jumatatu. Alichukua kopo zima." Mzee aliinamia meza, akapunguza sauti, ingawa dukani hawakuwamo wengine. "Nikamwambia, mahindi yakauke kwanza. Weka kidogo kidogo, mbalimbali, halafu funika. Usimwage pamoja. Hii dawa ikikutana na maji, inachemka. Ukiirundika, inawaka moto yenyewe."

Katushabe alihisi mabega yake yakishuka kwa mara ya kwanza tangu Jumanne. Aloys mwenye kofia ya manyoya, mwenyekiti wa stoo, ndiye yule yule aliyesema amemwona Déo. Akafungua daftari.

"Nisaidie kuandika hiyo maneno, mzee, uweke sahihi."

"Hapana, nyabo."

"Kwa nini?"

"Mimi niko na duka. Nikiandika, kesho watu watasema dawa ya Eliezeri inachoma chakula. Wewe umeuliza, nimekuambia. Kuandika ni kitu ingine." Akamrudishia kopo, akaanza kupanga pakiti za mbegu zilizokuwa zimepangwa tayari.

Mkubwa wake, ofisini huko huko Mbarara, hakutaka hata kuliona kopo. Wafadhili walioijenga stoo walikuwa wamepiga simu mara tatu, alisema. Walitaka kusikia kuna mtu ndani.

"Yuko ndani, afande. Lakini saa arobaini na nane zinaisha leo saa kumi. Na nadhani si yeye."

"Mshike mpaka Jumatatu. Andika chochote."

"Chochote gani, afande?"

"Katushabe, saa yako inakimbia sana," alisema mkubwa, akavuta faili lingine.

*

Saa saba na nusu alikuwa amesimama ndani ya stoo isiyo na paa, jua likimchoma utosini. Magunia tisa ya karibu na mlango yalikuwa yamebaki. Kila gunia lilikuwa na namba ya kaya iliyoandikwa kwa rangi ya bluu, na kila mdomo ulikuwa umeshonwa kwa uzi mwekundu. Hiyo ilikuwa desturi ya Aloys, na kijiji kizima kilimtania nayo: gunia halijapokelewa mpaka mwenyekiti mwenyewe alishone, kwa sindano yake iliyopinda na uzi wake mwekundu, mwingine asiguse.

Marcienne, Mrundi mwenye nyumba iliyopakana na stoo, alikuwa akipalilia maharage yake kwa bidii ya mtu asiyetaka kuonekana anatazama.

"Mama, naomba chupa ya soda na chumvi kidogo," Katushabe akamwita.

"Mimi sina lazima ya kujibu, afande."

"Sijauliza kitu. Nimeomba chumvi."

Marcienne aliwaza kama kijitabu kilisema lolote kuhusu chumvi. Mwishowe aliingia ndani, akatoka na chupa na chumvi iliyoanikwa ikakauka vizuri, akasimama pembeni na jembe lake.

Katushabe alikuwa binti wa mkulima wa Ngarama, na jambo hili alilifanya mara nyingi kabla hajavaa viatu vya serikali. Alitoboa gunia la kwanza, akajaza mahindi theluthi ya chupa, akamimina chumvi, akaziba kwa kiganja, akatikisa muda mrefu. Kisha akaiacha itulie. Chumvi ilikuwa imegandia kwenye kioo pande zote. Mahindi hayo yalikuwa mabichi.

Gunia la pili, vilevile. La tatu lilikuwa na ukungu tayari. La nne, la tano, la sita. Kila baada ya gunia alifuta chupa kwa pindo la shati, na kila mara chumvi iling'ang'ania kioo. Kwenye la saba, punje mbili zilikuwa zimeanza kuota.

Akainua macho. Marcienne alikuwa amesogea bila kujua, jembe mkononi.

"Hili la saba ni namba mia mbili na sita," Katushabe alisema. "Kaya yako ni namba ngapi?"

Marcienne aligeuza jembe mkononi. Hakuhitaji kujibu, kwa kuwa namba hiyo ilikuwa imeandikwa kwa rangi ile ile ya bluu juu ya mlango wake, hatua kumi kutoka pale.

"Sikuulizi kama polisi. Mimi pia nililelewa na mama mwenye shamba."

"Yale makavu ni ya watoto," Marcienne akasema polepole, akitazama ardhi. "Wenye stoo waliweka tarehe. Walisema asiyeleta ataondolewa kwenye orodha ya kugawiwa mbegu. Mvua ilikuwa haijakatika. Nikajiwazia, gunia moja lenye unyevu ndani ya magunia sitini litaumiza nani?"

"Na wengine wakajiwazia hivyo hivyo."

"Mimi sijui ya wengine. Nilidhani ni mimi peke yangu." Akaliinua jembe. "Lakini sitaandika, afande. Kijiji kizima kimepoteza akiba yake. Nikiandika, watasema ni mimi."

Katushabe alitaka kupiga kelele. Kaya sitini zilikuwa zimebaki na mahindi makavu nyumbani na kupeleka stoo yale mabichi, kila moja ikiamini ndiyo pekee yenye ujanja huo, na sasa kila moja ilikuwa imefunga mdomo kwa aibu ile ile. Juu ya unyevu huo wote mtu mmoja alimwaga kopo zima la vidonge. Hapakuwa na kiberiti wala petroli. Na hakuna hata mmoja aliyekuwa tayari kuweka sahihi.

Gunia la nane lilikuwa bichi. Akatoboa la tisa, lililokuwa karibu zaidi na mlango, lililoingia mwisho kuliko yote. Akatikisa mpaka mkono ukamuuma. Chumvi yote ilishuka chini, ikabaki kioo kitupu.

Akaiuma punje moja kwa jino. Ilivunjika kwa mlio.

Namba ya gunia ilikuwa mia nne kumi na saba. Hakuhitaji kufungua faili. Namba hiyo alikuwa ameiandika kwa mkono wake mwenyewe Jumatano saa kumi, siku aliyomwingiza Déo ndani. Na mdomo wa gunia ulikuwa umeshonwa kwa uzi mwekundu, mishono midogo, sawasawa, hakuna uliopinda.

*

Aloys alifika akipepea uso kwa kofia yake ya manyoya. Alikuwa mtu mzima, mpole, na mikono yake ilikuwa mizuri ya mshonaji.

"Mwenyekiti, kwa maandishi yako ulisema Déo hajaleta gunia hata siku moja, na Jumanne ulimwona tu anazungukazunguka nje."

"Ndiyo, afande. Huyo amekuwa adui wa umoja wetu tangu zamani. Kila mtu anajua."

"Hii nani aliishona?"

Aloys alilitazama gunia. Kidole gumba chake kilienda chenyewe kwenye mshono, kikaupapasa, kisha kikarudi haraka kwenye kofia.

"Na hili kopo ulinunua Jumatatu Mbarara. Ulimwaga vidonge saa ngapi?"

Aloys aliwafukuza kwa kofia yake inzi waliojaa juu ya mahindi yaliyooza.

"Mzee, mimi sisemi ulitaka kuchoma," Katushabe alisema, kwa upole uliomgharimu. "Uliona wadudu, ukaogopa msimu uende bure. Sema hivyo tu. Kuna mtu amelala kwa saruji siku mbili kwa sababu yako."

Mwenyekiti wa Stoo ya Umoja, aliyewahi kuvichana vijitabu vya Déo mbele ya mkutano na kuviita sumu ya wazungu, alivaa kofia yake vizuri.

"Mimi sina lazima ya kujibu," akasema.

Katushabe alitazama chupa iliyokuwa mkononi mwake. Aliiweka chini taratibu, kwa sababu hakujiamini nayo.

Njiani kurudi kituoni alipiga hesabu ya alichonacho. Uzi ulionyesha kwamba Aloys kasema uongo kuhusu gunia. Haukuonyesha kilichowasha moto. Aliyemuuzia vidonge hakutaka kuandika. Majirani hawakutaka kuandika. Zaidi ya Aloys, mtu mmoja tu alikuwa ameingia ndani ya stoo baada ya vidonge kumwagwa na kabla ya moto, na akaviona kwa macho yake. Mtu huyo ndiye aliyemfundisha kila mtu kunyamaza.

*

Simu iliita saa kumi kasoro dakika ishirini. Mkubwa alikuwa na neno moja tu: usimfungulie.

Saa kumi kamili Katushabe aliufungua mlango wa mahabusu.

"Toka. Nenda nyumbani."

Déo alisimama polepole, miguu ikiwa imekufa ganzi. Alitazama mlango, akamtazama yeye. "Mulimupata mwenye kuchoma?"

"Hapana. Saa zimeisha. Arobaini na nane. Mtu anaenda mahakamani au anaenda kwake."

"Hiyo ni sheria ya fasi gani?"

"Ya hapa. Katiba ya Uganda, kifungu cha ishirini na tatu."

Déo alirudia namba hiyo kwa midomo. "Sikukuwa naijua."

"Kwa vijitabu yako haiko. Ungeniuliza mimi."

Akamwekea mezani mkanda wake, viatu vyake, na kando yake punje chache za mahindi na kipande cha uzi mwekundu. Hakumwambia ni nini. Déo alivifunga viatu akiwa ameinama, na alipoinuka aliviona. Alibaki ameshika mkanda mkononi kwa muda mrefu.

"Namba mia nne kumi na saba," Katushabe alisema. "Kati ya tisa, ndiyo peke yake kavu. Sasa nisikilize vizuri. Mimi nimefungua bila ruhusa. Jumatatu wanaweza kukurudisha, na safari hiyo watakupeleka mahakamani, na ile dosye itakwisha. Aloys hatasema. Anajua wewe utaona haya. Mwalimu wa uhuru, na gunia umepeleka kimyakimya jioni kwa baiskeli. Hiyo tu ndiyo unaficha, siyo?"

Déo alivaa mkanda, akatoka uani. Madeleine alisimama kutoka kwenye jiwe lake na sufuria. Katushabe aliwaona wakiongea karibu na lango, mwanamke akisema machache, mwanamume akitazama barabara. Barabarani wanafunzi wake watatu wa Jumamosi walikuwa wamesimama wakimsubiri, nyuso zimejaa fahari: mwalimu hakusema, na mwalimu ameachiwa.

Déo akawapungia mkono wangoje. Kisha akageuka akarudi mpaka mlangoni.

"Nikienda sasa, utanifuata?"

"Hapana."

"Na nikikaa kimya mpaka nizeeke?"

"Ni haki yako. Mimi nitakasirika, lakini ni haki yako."

Déo alivuta kile kiti cha miguu mitatu na nusu, akakaa kwa uangalifu. "Basi andika."

Katushabe aliandika. Kwamba Jumanne saa kumi na moja Déo alileta gunia, na Aloys akamfungulia. Kwamba katikati ya stoo, juu ya magunia, kulikuwa na rundo la vidonge vilivyoanza kuwa unga wa kijivu, vikitoa mlio mdogo na moshi mweupe, na harufu ya kitunguu saumu iliyomtoa machozi. Kwamba alimwambia Aloys kitu hiki kinachemka, na Aloys akamjibu hiyo ni dawa, inafanya kazi. Kwamba Aloys alishona gunia, akaahidi hatamwambia mtu, akafunga kufuli.

"Ungesema hii Jumatano," Katushabe alisema bila kuinua kichwa. "Siku mbili, Déo. Siku mbili nimezunguka kama mwehu."

"Jumatano nilikuwa mufungwa. Maneno ya mufungwa ni ya mwenye kumufunga." Alijifuta uso. "Andika tena. Gunia nilipeleka kwa mapenzi yangu. Hakuna mutu alinilazimisha."

Aliandika. Mlangoni Madeleine alikohoa.

Déo alitazama sakafu. "Hiyo ya mwisho, futa."

"Maandishi ya polisi hayafutwi. Yanaongezwa."

"Basi ongeza: bibi yangu alinilazimisha."

Simu ilianza kuita juu ya meza, jina la mkubwa likiwaka. Katushabe aliitazama ikizunguka kwa mtetemo mpaka karibu na punje za mahindi, akaiacha, akaongeza sentensi hiyo, akamgeuzia karatasi na kalamu. Déo aliweka sahihi.

Madeleine alikuwa ameingia, akatua sufuria mezani juu ya faili.

"Ongeza na hii, Madame," alisema. "Hayo mahindi nilikausha miye. Siku kumi na moja, na mvua. Nilijua itakuliwa na batoto ya batu."